Cheti cha Mazingira si Hirizi

Iko kasumba inayopaswa kung'olewa: kwamba mwananchi anayepinga mahakamani kibali cha mazingira cha mradi mkubwa wa ardhi ni adui wa maendeleo. Kasumba hiyo ni ya kikoloni, na watu wa Masasi na Newala wanao ushahidi mlangoni mwao.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani ya Masasi. Wataalamu walikagua sehemu kubwa ya ardhi kutoka angani. Mkulima aliyeijua mvua na udongo hakuwa na baraza la kuupinga uamuzi wa London. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi.

Taifa huru limeweka utaratibu mwingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na haki ya kwenda mahakamani kuitetea. Anayefungua shauri haivunji sheria, anaitumia.

Wapo wasemao kwamba kesi huchelewesha miradi. Ni kweli. Lakini juu ya Uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida na vizazi vya akina mama vimeteremka mabondeni kuyatafuta, kosa moja halirekebishwi kwa barua ya ofisi. Tingatinga hung'oa kwa siku moja mikorosho iliyotunzwa miaka ishirini. Kuchelewa kwa miezi kadhaa ni gharama. Kufyeka vichaka vinavyohifadhi udongo na maji ni hasara ya wajukuu.

Nchini Kenya, Juni 26, 2019, Baraza la Mazingira la Taifa lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Leseni ilikuwa na mhuri, lakini mhuri haukuziba pengo hilo.

Wajibu wa mtumishi wa umma na wa mwalimu uko wazi: kuisoma taarifa ya tathmini ya mazingira na kuifafanua mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kabla kalamu haijagusa karatasi. Ofisa aliyetenda haki hana sababu ya kumwogopa hakimu. Anayeogopa kibali chake kisikaguliwe, huyo ndiye wa kuulizwa: anamtumikia nani?