Barua ya wazi kwa Spika Wetang'ula: Karani aliyeona alindwe

Mheshimiwa Moses Wetang'ula,
Spika wa Bunge la Taifa, Nairobi.

Mheshimiwa Spika,

Nakuandikia kutoka Kitale kwa sababu mbili. Wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Shughuli za Bunge, inayopanga ni mswada upi usomwe na lini. Tena kwenu ni Bungoma, na watu wa Bungoma wanajua jambo ninalotaka kulisema.

Mwaka wa 2015 Kenya nzima ilisikia kwamba serikali ya kaunti hiyo ilinunua wilbaro kumi kwa shilingi 109,320 kila moja. Watu walicheka. Mimi nilibaki nikiwaza karatasi zake. Kuna anayeandika ombi la kununua, anayepokea bei za wauzaji, wanaotathmini zabuni, anayepokea mzigo stoo na kutia sahihi, na mhasibu anayeandaa malipo. Bei ya wilbaro haifichiki kwa mtu aliyewahi kuingia duka la vifaa vya ujenzi. Sasa chukua karani wa stoo wa kaunti yoyote ile, aliyeshtuka alipoiona bei kama hiyo, na ambaye kandarasi yake inakwisha Juni. Sheria inampa nini?

Inampa amri kwanza. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka kila mtumishi wa umma na mwenye mamlaka aripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ndani ya saa 24 akijua au akishuku kuna hongo. Kifungu cha 21 kinaahidi faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, kwa anayemfuta mfichuzi, kumshusha cheo au kumhamishia mahali pagumu. Sheria ya Kupambana na Ufisadi ya 2003, kifungu cha 65, inamkinga aliyeipa Tume habari. Katiba nayo, ibara ya 236, inakataza mtumishi wa umma kuonewa kwa kutekeleza kazi yake kisheria.

Ukivisoma vifungu hivyo pamoja utadhani karani wetu amelindwa. Lakini sheria ya 2016 inahusu hongo, na bei iliyopandishwa si hongo mpaka mtu athibitishe kwamba kuna aliyepewa kitu. Ile ya 2003 inalinda maneno yaliyofika kwa Tume na wachunguzi wake; akimwambia kwanza diwani wake, mwanahabari, au mkubwa wake wa kazi aliyemwamini, ametoka nje ya ua. Na kisasi chenyewe hakiji kikijitangaza. Huja kama uhamisho "kwa manufaa ya utumishi", kama kandarasi isiyoongezwa, kama barua ya kujieleza kuhusu vocha ya mafuta ya miaka miwili iliyopita. Kisha karani huyo, bila mshahara na bila wakili, ndiye anayetakiwa kuithibitishia mahakama kwamba uhamisho ule ulikuwa adhabu.

Huku Trans Nzoia tunalipa gharama ya ukimya huo shambani. Mwaka wa 2018 wakulima walikaa na mahindi yao yasiyonunuliwa, huku wafanyabiashara wakilipwa na Bodi ya Nafaka, NCPB, kana kwamba wao ndio waliolima. Machi 2024 wanahabari wa Africa Uncensored wakafichua mbolea ghushi ya ruzuku, iliyokuwa ikiuzwa kupitia maghala ya bodi hiyo hiyo. Bunge lako lilipiga kura ya kumng'oa Waziri wa Kilimo, kisha kamati ikamwondolea lawama. Mkulima alikuwa ameshapanda. Mbolea hutiwa pamoja na mbegu mvua inapoanza, na msimu ukipita haurudiwi. Habari iliyotoka Machi ingetoka Januari, ingeokoa mahindi ya mwaka mzima. Ndiyo maana namtaka mfanyakazi wa ghala au wa maabara awe na pa kusema mapema, bila kuhesabu kwanza karo ya watoto wake.

Mheshimiwa, Bunge lina deni la zamani katika jambo hili. David Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu. Aliona mabilioni yakilipwa kampuni ya Goldenberg kwa dhahabu na almasi ambazo Kenya haikuuza nje, na karatasi alizozitoa zikawafikia wabunge wa upinzani. Mwaka wa 1993 alikamatwa kwa kutoa siri za serikali. Kesi haikusimama, lakini kazi alifutwa. Alikufa maskini mwaka wa 2006. Wabunge walizipokea karatasi zake, na tangu hapo Bunge halijatunga sheria moja kamili ya kumlinda mtu kama yeye.

Miswada imeandikwa tangu mwaka wa 2013 na kuandikwa tena. Wakati huo huo, ukivuka mpaka pale Lwakhakha unaingia Uganda, nchi yenye Sheria ya Kuwalinda Wafichuzi tangu 2010, inayompa mfichuzi hata asilimia tano ya fedha zilizookolewa. Tanzania ilitunga yake 2015. Sidai kwamba majirani wamemaliza ufisadi, ila karani wao anaweza kuitaja sheria yake kwa jina.

Ninachoomba ni mswada wa kuwalinda wafichuzi uwekewe tarehe katika kikao hiki, na usikatwe makali kamatini. Mwajiri ndiye athibitishe kwamba uhamisho au kufutwa kazi hakukuwa kisasi. Uhamisho wa aliyeripoti usimamishwe mpaka malalamiko yake yasikizwe. Wafanyakazi wa kandarasi na vibarua wa kaunti wahesabiwe, maana ndio wengi stoo na ghalani. Na anayemwambia diwani, mbunge au mwanahabari kwa nia njema, baada ya ofisi kumpuuza, alindwe sawa na aliyekwenda EACC.

Mvua za kupanda huanza huku Machi. Naomba tarehe hiyo iwe kabla yake.

Wako mwaminifu,
Mkulima, Kitale