Usiondoe nguzo kwa haraka



Mtu aliyefanya kazi ndani ya shimo la migodi anajua jambo hili: mahali mwamba unataka kuanguka, wanaweka nguzo za mbao. Nguzo zile zinaziba njia, tena hazipendezi macho. Lakini mchimbaji mwenye akili haziondoi kwa sababu tu zinamsumbua. Kwanza anauliza: hii inashikilia nini?

Moyo wa mtu nao uko na nguzo zake. Anna Freud, binti ya daktari Sigmund Freud, aliandika kitabu juu ya kinga hizo huko Vienna mwaka wa 1936. Mafundisho yake ni haya: wakati woga, uchungu ama haya inapita nguvu ya mtu, moyo wake unajikinga, na yeye mwenyewe hajui. Huo si uongo. Mwenye kusema uongo anajua kweli na kuificha kwa wengine. Mwenye kujikinga, kweli imefichwa hata kwake yeye.

Tutazame kwetu Katanga. Kuanzia mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kampuni ndiyo iliyokuwa posho, hospitali na masomo ya watoto. Ndani ya jamaa nyingi, jeraha lile halijapona.

Baba mmoja anasema miaka yote: "Kampuni itatuita tu." Ile ni kukana. Mwengine ananyamaza mbele ya wakubwa, halafu nyumbani anapigia mtoto kelele kwa ajili ya bukari iliyopoa. Hasira imehama njia, inashukia asiyeweza kujibu. Mwengine anamwambia mke wake anayeuzisha soko: "Wewe unanizarau!" Pengine mama hakumzarau hata siku moja. Ni yeye anajizarau, na kwa kuwa mzigo ule ni mzito, anautwika mke.

Na wewe kijana unayesema, "Mimi shule hainihusu," tangu siku ulipofukuzwa kwa sababu ya minerval, unafikiri hauko na nguzo yako?

Basi tufanye nini? Tusome 1 Wafalme 19. Eliya amechoka, anaomba kufa. Malaika hakumkemea kwanza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Maulizo yalikuja nyuma, kule mlimani Horebu.

Fanya vivi hivi. Usimwambie baba yako mbele ya wageni, "Papa, kampuni ilikufa, amka!" Atashika nguzo yake kwa nguvu zaidi. Kaa naye jioni, umuulize juu ya kazi aliyojua: mashini gani alitengeneza, nani alimfundisha. Mtu anayeheshimiwa ataweza kidogo kidogo kusema: "Niliumia." Hiyo ndiyo nguzo mpya. Ile ya zamani itaondoka yenyewe. Hata wale wanaotunza watu wenye majeraha ya moyo wanafanya hivyo: wanangoja mpaka mtu yuko salama, ndipo wanagusa kidonda.

Lakini msinisikie vibaya. Huruma si kuruhusu ngumi. Kama baba anapiga, ama pombe inakula mkate wa watoto, toeni watoto pale kwanza, muite wazee ama mchungaji. Kujua sababu ya hasira ni jambo moja. Kuachia mtu aumize wengine ni jambo lingine. Unaweza kumwambia mtu, "Hapana, haupigi hapa," na bado kumpenda.

Juma hili, chagua mtu mmoja wa nyumba yako anayekuchokesha. Mbele ya kumjibu, jiulize moyoni: nguzo hii inashikilia nini? Halafu ujiulize pia juu yako mwenyewe.

Mungu awape uvumilivu.