Mashini hatuna, lakini chaki tunayo



Kila juma ninasikia neno hili ku malalo na ku uwanja: «Somo la enformatike hapa kwetu ni la bure, kwa sababu ordinatere hakuna.» Wengine wamefanya saa ile kuwa saa ya kusinzia. Na wa seksio ya Mat-Fizike wanaongeza lingine: «Demonstrasio ni za nini? Tuandike formule, tupate jibu, basi.» Mimi ninaona maneno haya mawili ni ugonjwa mmoja, na ninataka kusema juu yake waziwazi.

Kwanza, tuangalie sayansi hii ilianzia wapi. Wengi wanafikiri ilianza na mashini. Hapana. Mwaka 1936 Alan Turing, kijana Mwingereza wa Cambridge, aliandika kazi yake wakati ordinatere kama za leo hazikuwako bado hata moja. Aliwaza mashini ya mawazo tu: ukanda mrefu wenye vyumba, na katika kila chumba alama moja. Mashini inasoma alama, inaandika ingine, inaenda kuume ao kushoto. Kwa mashini ile isiyoshikwa na mikono alionyesha kitu gani kinaweza kuhesabiwa. Tena alihakikisha kwamba kuko maulizo ambayo hakuna mashini itakayoweza kuyajibu, hata ikiwa na nguvu namna gani. Mashini za chuma zilifuata nyuma. Basi anayesema «tungoje ordinatere ndipo tuanze», huyo njo anageuza mambo.

Pili, kujaribu na kuhakikisha si kitu kimoja. Kamata kaye yako. Chukua namba n, uizidishe kwa yenyewe, uongeze n, kisha uongeze 41. Kwa n = 0 unapata 41. Kwa 1 unapata 43, kwa 2 unapata 47, kwa 3 unapata 53. Hizi zote ni namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Formule ya namna hii Euler aliitaja mwaka 1772. Endelea mpaka n = 39, hautaona kosa. Umejaribu mara 40, na mara 40 imekubali. Mwanafunzi wa «jibu tu» atasema: basi, ni kweli siku zote. Lakini kwa n = 40 unapata 1 681, na hiyo ni 41 mara 41. Imeanguka! Mifano 40 haikutosha, na hata milioni haitoshi kama sababu haiko.

Katika programu, kosa la namna hii halipotezi pointi tu. Tarehe 4 Juni 1996, ku Kourou katika Guyane ya Wafaransa, roketi Ariane 5 iliruka mara yake ya kwanza. Nyuma ya sekunde karibu 40 ilipasuka, pamoja na satelite 4 zilizokuwa ndani. Sehemu moja ya programu yake ilitoka ku Ariane 4, na kule ilikuwa imetumika vizuri. Sehemu ile iliingiza namba katika nafasi ndogo, isiyoweza kupokea zaidi ya 32 767. Ku Ariane 4 namba haikufika pale. Ariane 5 ilikuwa na mbio zaidi, namba ikapita kipimo, ordinatere ikazimika. Na ile ya akiba? Ilikuwa na programu ileile, nayo ilizimika vilevile. Sababu iliyokuwa ya kweli kwa Ariane 4 haikuhakikishwa tena kwa Ariane 5.

Sasa, kuhakikisha programu ni kufanya nini? Tutwae PGCD, ile tulijifunza tangu zamani. Tunatafuta PGCD ya 84 na 36. Gawa 84 kwa 36, baki ni 12. Gawa 36 kwa 12, baki ni 0. Jibu ni 12. Hii ni njia ya Euclide, ina miaka zaidi ya 2 000, na ni programu kabisa.

Tuulize maulizo mawili. Njia hii itasimama siku zote? Ndiyo, kwa sababu kila baki ni ndogo kuliko namba tuliyogawa kwayo, na namba kamili haziwezi kushuka bila mwisho pasipo kufika ku 0. Jibu lake ni la kweli siku zote? Ndiyo, kwa sababu namba yoyote inayogawanya 84 na 36 inagawanya na baki pia; na ile inayogawanya 36 na baki inagawanya 84. Basi PGCD haibadiliki hata kwa hatua moja. Na sababu hizi ni za namba zote, si za 84 na 36 tu. Mwaka 1969 Hoare, Mwingereza, aliandika kanuni za lojike za kufanya kazi hii kwa programu: nini ni kweli mbele ya hatua, na nini ni kweli nyuma yake. Tumetumia ordinatere hapa? Hapana, chaki inatosha.

Na kazi kubwa zinafanywa hivyo. Ku Paris mstari wa 14 wa metro ulifunguliwa Oktoba 1998, na treni zake zinatembea bila dereva. Programu inayochunga usalama ilitengenezwa kwa njia ya B, ya Mfaransa Jean-Raymond Abrial, na maelfu ya demonstrasio yalifanywa mbele ya watu kupanda.

Nitajibiwa: «Kapita, Egzetati ya hesabu inataka tuchague jibu, haiulizi sababu.» Ni kweli, nami nitaifanya mwaka huu. Lakini kati ya majibu yanayofanana, mwenye sababu njo anatambua lile la kweli. Na nyuma ya Egzetati? Yule atakayeandika programu ya benki ao ya hospitali, hakuna mtu atakayemuwekea majibu achague moja.

Sisemi ordinatere si kitu. Siku ikija tutaipokea kwa furaha. Lakini shule itakayoipokea bila kujua kuhakikisha itakuwa na mashini ya kukosea kwa haraka.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Wanafunzi: katika etide ya jioni, anayeandika jibu ku ubao aseme sababu ya kila mstari, na sisi tumuulize bila kumcheka. Wenye kukopi jibu la jirani waache. Jibu unaweza kuiba, sababu hapana. Na ninyi waalimu wetu, tunawaomba kwa heshima: katika enterogasio mutoe pointi kwa sababu pia, si kwa namba ya mwisho tu. Mukifanya hivyo, hata wavivu watajifunza.

Kapita wa wanafunzi,
darasa la mwisho