Gari Liliingia Maji: Sarufi, Mafuriko na Dai la Bima

Kila aliyefundisha au kufundishwa muundo wa sentensi ya Kiswahili anaifahamu sentensi hii: "Jicho limeingia mchanga." Kiima ni jicho, ilhali kilichoingia ni mchanga, jicho halikwenda popote. Mabaharia nao husema kwamba chombo kinaingia maji, wala hakuna anayedhani kuwa nahodha amekizamisha kwa hiari. Darasani tunaijadili sentensi ya aina hii kwa dakika kumi, tunachora matawi ubaoni, kisha tunakwenda zetu kunywa chai. Nami nilikuwa vivyo hivyo hadi niliposhuhudia sentensi hiyo ikikaribia kumnyima mtu fidia ya gari lake.

Mtu huyo ni jirani yangu hapa Nairobi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mnamo Aprili mwaka wa 2024, mvua za masika zilipofurisha mito ya jiji na kuzigharikisha sehemu nyingi za nchi, watu zaidi ya 250 walipoteza maisha. Mbele ya misiba hiyo, aliyepoteza gari tu aliona haya kulalamika. Hata hivyo, gari lile dogo, ambalo mkopo wake katika chama cha akiba na mikopo ulikuwa haujamalizika, ndilo lililokuwa likimpeleka mkewe hospitalini mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba. Kulipopambazuka, maji yalikuwa yamefika kwenye viti.

Mwalimu alipiga simu kwa kampuni yake ya bima asubuhi iyo hiyo, kama inavyotakikana, akasema: "Gari limeingia maji usiku." Karani aliyeipokea simu alikuwa akijaza fomu ya Kiingereza. Akaandika maneno ambayo maana yake ni kwamba gari liliingia ndani ya maji wakati wa usiku. Majuma kadhaa baadaye ilikuja barua. Kampuni ilisema kwamba kuendesha gari usiku katika barabara iliyofurika ni uzembe, na kwamba hati ya bima inamtaka mwenye gari achukue tahadhari ya kutosha kulilinda. Mwalimu alinijia na barua ile mkononi.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe ndiwe msomi wa lugha. Mimi usiku ule nilikuwa nimelala. Huku kuendesha kumetoka wapi?"

Kulitoka katika sarufi. Kiima cha Kiswahili kilichukuliwa kuwa mtenda, na gari lililokuwa limetulia mahali pake likapewa miguu.

Hapa yafaa nieleze kidogo bima yenyewe, maana nimegundua kwamba hata sisi tunaojiita wasomi hatuielewi. Bima ambayo sheria ya Kenya, Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo ni ile inayowalinda watu wengine wanaouawa au kujeruhiwa na gari hilo. Mwenye bima hiyo pekee, gari lake likisombwa na maji, hana cha kudai. Anayeweza kudai ni mwenye bima kamili. Huyo naye sharti aisome hati yake, kwani kampuni nyingine huyaingiza mafuriko miongoni mwa mambo yanayolindwa na nyingine huyaweka kando kama nyongeza inayolipiwa. Hata akilipwa, kuna kiasi cha hasara ambacho sharti akibebe mwenyewe kwanza. Wako pia wanaokata tamaa mapema kwa kusema kwamba mafuriko ni kudra ya Mungu, na kudra haina mdai. Dhana hiyo ni njema msikitini na kanisani, lakini hati ya bima haiamui hivyo. Ikiwa mafuriko yametajwa humo kuwa yanalindwa, kudra hiyo imekwisha kulipiwa.

Jambo jingine ni la ufundi. Gari lililozama halifai kuwashwa. Hewa hushindilika ndani ya silinda lakini maji hayashindiliki. Pistoni inapokutana nayo, fimbo yake huweza kupinda na injini ikaharibika papo hapo. Baada ya hapo kampuni huuliza, na si bila haki, iwapo injini iliharibiwa na mafuriko au na ufunguo wa mwenyewe. Busara ni kuuacha ufunguo, kupiga picha zinazoonyesha maji yalipofikia, kisha kuliita gari la kukokota. Haya yote yamo katika maelekezo ya kampuni, kwa Kiingereza, katika maandishi madogo mithili ya mayai ya chawa.

Katiba ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 7, inasema kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Nionavyo mimi, habari iliyotolewa kwa lugha ambayo mlipaji haimudu haijatolewa. Najua hoja ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa: hati zikiwa mbili, lugha mbili, mahakama itashika ipi? Jibu ni kwamba hati yenyewe yaweza kutamka ni nakala ipi itakayotawala. Lakini mimi ninaanzia mbali zaidi, mahali ambapo hata hoja hiyo haifiki. Maelezo ya mdai yaandikwe kwa lugha aliyoyatolea. Akisema kwa Kiswahili, yaandikwe kwa Kiswahili, asomewe, atie sahihi, ndipo yatafsiriwe. Mwalimu hakuwahi kuonyeshwa sentensi iliyomhukumu.

Tusidai kwamba istilahi hazipo. Neno bima lilitufikia kutoka Bara Hindi, fidia ikatoka Uarabuni, na yote mawili yamekaa kwetu kiasi kwamba hakuna anayeyauliza pasipoti. Watanzania wamekwisha kuibatiza bima ya lazima kuwa bima ndogo na ile kamili kuwa bima kubwa, na kila dereva anaelewa. Upungufu upo, nakiri; kile kiasi anachokibeba mwenye gari hakina jina moja tulilokubaliana hapa kwetu, nami nimekizungukia katika makala haya kwa maneno mengi. Lakini upungufu huo ni wetu. Tumeandika tasnifu ngapi juu ya uundaji wa istilahi, na ni ngapi kati yake zilizowahi kumfikia karani wa bima?

Niliandika barua ya ukurasa mmoja. Nilieleza habari ya jicho na mchanga, nikaambatisha picha za mstari wa matope mlangoni na taarifa ya bawabu wa mtaa. Kampuni iliondoa pingamizi lake. Viti, nyaya na breki zililipiwa, baada ya kukatwa kile kiasi kisicho na jina. Injini haikulipiwa, kwa kuwa asubuhi ile Mwalimu, akiwa na hofu ya kuchelewa hospitalini, alikuwa amelijaribu gari mara mbili. Hilo hakuna sarufi ingeliokoa.

Napendekeza chama chetu kichukue hati moja tu ya bima ya magari na kuitafsiri yote, maandishi madogo yakiwemo, tukisaidiwa na wenzetu wa Kitivo cha Sheria. Nakala ya hati ya Mwalimu ninayo kwa idhini yake, jina na nambari zikiwa zimefutwa. Ina kurasa kumi na tisa. Aliye tayari kuanza nayo likizo hii na anijulishe.