Mnada wa meno ya tembo hautalipa deni la wanavijiji

Hoja ya kuuza meno ya tembo yaliyolundikana katika maghala ya serikali haifi. Mwaka 2010, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mjini Doha, Tanzania iliomba kuuza karibu tani 90, ikaahidi kwamba mapato yangerudi kwenye uhifadhi. Ikakataliwa, na wapo walionung'unika kwamba tumenyimwa haki juu ya mali yetu wenyewe. Lakini sensa ya mwaka 2009 ilikadiria tembo wapatao 109,000 nchini, na ile ya 2014 ikakuta takribani 43,000. Kwa hiyo nchi iliyokuwa ikipoteza tembo kwa kasi hiyo, Pori la Akiba la Selous likiongoza kwa kilio, ndiyo iliyokuwa ikiomba iaminiwe kusimamia mnada.

Watetezi wa mnada husema soko halali hushusha bei na kumkosesha jangili faida. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama jino la halali lingetofautishwa na la haramu baada ya kuchongwa bangili au sanamu. Mwaka 2008 Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zimbabwe ziliuza zaidi ya tani 100 kwa China na Japani kwa idhini ya CITES, na miaka iliyofuata ujangili ukapamba moto. Wataalamu wanabishana mauzo yale yalichangia kiasi gani, na ni haki wabishane: rushwa na kukua kwa kipato cha wanunuzi wa Asia navyo vilikuwa na sehemu yake. Hata hivyo, ahadi ilikuwa kwamba biashara haramu ingefifia, nayo haikufifia. China yenyewe ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017. Ni vigumu kuelewa tungemuuzia nani sasa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kijijini. Mkulima anayeamka na kukuta ekari za mahindi zimelazwa chini ana haki ya kuuliza kwa nini tembo huyo ni mali ya serikali anapopigwa picha na watalii, ila ni balaa lake peke yake anapoingia shambani. Kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa walioathiriwa na wanyamapori, vipo kisheria, lakini ni vidogo na huchelewa. Mnada hauponyi hilo. Fedha zake zingeingia mara moja tu, ilhali tembo hurudi shambani kila msimu. Mapato ya utalii, yanayoingia kila mwaka, ndiyo yanayolingana na hasara inayojirudia, na ndiko ilikopaswa kutengwa sehemu maalumu kwa ajili ya fidia. Kuhusu shehena, sioni lazima tuichome kama Kenya ilivyochoma tani 105 mwaka 2016 (moto hupendeza kwenye kamera). Ihesabiwe kila mwaka na wakaguzi, taarifa isomwe bungeni, na fidia iwekewe tarehe ya mwisho ya kulipwa: kabla ya msimu mwingine wa kupanda.