Mwenza anapokwenda Bagamoyo kwa baiskeli

Saa 11:00 alfajiri ya Jumamosi, baba ameshavaa kaptura ya kubana na anajaza matairi upepo sebuleni. Mama anamtazama kutoka mlango wa jikoni. Safari ni ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo na kurudi, zaidi ya kilomita 100 kwa siku moja. Yeye afanye nini, zaidi ya kubaki na watoto na wasiwasi?

Jambo la kwanza ni simu. Mke anayepiga kila baada ya dakika kumi hamlindi mumewe, kwa kuwa mume atatoa mkono kwenye usukani kupokea huku malori yanampita. Ni heri wakubaliane mapema kwamba mwendeshaji atapiga mwenyewe akiwa amesimama, tuseme Bunju, Kerege na Bagamoyo mjini. Akichelewa kwa nusu saa, hapo ndipo apigiwe.

Kama familia ina gari, lisimfuate nyuma taratibu likiwa limewasha taa za tahadhari. Barabara ile ina magari mengi, na gari linalotambaa ni hatari kwa wote. Litangulie, liegeshwe nje ya barabara penye kivuli, limsubiri.

Ndani ya deli la barafu kuwe na maji, ndizi, tende, viazi vitamu vya kuchemsha na ORS. Mwili unaofanya kazi kwa saa nyingi unahitaji wanga gramu 30 hadi 60 kila saa. Ndizi moja kubwa na tende tatu zinatosha kuanzia. Asisubiri njaa. Madafu ni mazuri na Bagamoyo yapo, lakini yana chumvi kidogo, na jasho hutoa chumvi nyingi. Kunywa maji matupu kupita kiasi nako kuna madhara, maana hupunguza kiwango cha chumvi kwenye damu na kuleta kichefuchefu, kichwa kuuma, hata kuchanganyikiwa.

Wenza wengi hukwaruzana safari ya kurudi. Jua la saa 6 mchana liko utosini, upepo unatoka mbele, na mtu aliyeondoka nyumbani akicheka sasa anajibu kwa mkato, analalamika kuwa maji ni ya moto, anauliza kwa nini wamechelewa kumfikia. Mke naye amekaa kwenye gari na watoto wawili tangu asubuhi. Kabla ya kujibu ukali kwa ukali, ampe kitu kitamu na kivuli. Mara nyingi sukari imeshuka tu, na baada ya robo saa anaomba radhi mwenyewe.

Asiporudi sawa, ni habari nyingine. Anayeyumba, anayeongea yasiyoeleweka au kusahau yuko wapi, huku mwili ukiwa wa moto, huenda amepatwa na kiharusi cha joto. Hata kama bado anatoka jasho, ni dharura. Alazwe kivulini, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji mengi na apepewe wakati usafiri wa hospitali unatafutwa. Asilazimishwe kunywa. Atakataa na kusema yuko salama, ndiyo maana wawili hawa wanapaswa kukubaliana usiku wa kuamkia safari: mke akisema basi, ni basi, baiskeli inapanda kwenye gari.

Mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa moyo azungumze na daktari wake kabla ya kupanga siku.

Akifika nyumbani, apande kwenye mzani. Kama alijipima alfajiri, kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji ya kurudisha polepole hadi jioni, pamoja na chakula chenye chumvi. Wali na samaki unafaa. Watoto wampe nusu saa kabla ya kumrukia mgongoni.

Na Jumapili, yeye ndiye anayeamka na watoto. Mama analala hadi saa 4.