HUYO MBWA HAKUWA ANACHEZA AMAPIANO, ALIKUWA ANAUMWA

Wadau, leo sina stori ya ndoa wala ya ndinga mpya. Nina hasira, na nimeona bora niziandike hapa kabla sijaenda kumwaga maneno kwenye ukurasa wa mtu halafu timu yake inishukie.

Ile klipu mnaikumbuka. Jina sitaji, wenye macho mnajua. Staa wetu wa kike, mjengo wa ghorofa karibu na bahari, marumaru zinang'aa mpaka unaona sura yako. Yule mbwa wake, German Shepherd, anapanda ngazi huku miguu ya nyuma yote miwili anaitupa kwa pamoja kama sungura, kiuno kinayumba kushoto, kulia. Dada akapachika biti la amapiano na kuandika kwamba mtoto wake ana mauno kuliko yeye. Vicheko kibao. Kurasa za udaku zikabeba. Hata sisi humu tuliirusha, siwezi kujificha.

Mimi sikucheka, na si kwa sababu ni mtakatifu. Nina mbwa nyumbani anayepanda ngazi vilevile, na nilichelewa karibu mwaka mzima kujua kwa nini.

Sikieni. Mbwa wa aina ile wanajulikana kwa matatizo ya nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kikae vizuri ndani ya kikombe chake kwenye nyonga. Kwa baadhi yao kikombe kinakuwa kifupi, mfupa unacheza ndani, na kila hatua unasaga. Miaka ikienda, nyonga zinasagika kama magoti ya bibi yako, na hapo yanaweza kuwa maumivu ya kila siku. Yale "mauno" ni mnyama anayekwepa kukanyagia pale panapouma. Na zile marumaru ni adui namba moja, kwa sababu miguu inateleza na kila akiteleza nyonga inavutika.

Mtaniuliza, mbona alikuwa anakula vizuri na kutikisa mkia? Ndio hivyo. Mbwa halii kama mtu. Anakula, anakupokea getini, halafu anatumia dakika nzima kuinuka alipolala. Analamba kiungo kilekile kila usiku. Ukimgusa mgongo kwa nyuma anageuza kichwa haraka. Wangu alianza kuninguruma nikimfuta maji baada ya kumuogesha, nami nikamfungia nje siku mbili nikidhani amekuwa jeuri. Siku mbili! Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Turudi kwa staa. Ikaja bethidei. Maspika yamesimama uwani kama tamasha, fataki zinapigwa, wageni wanapiga selfi na mbwa kwa zamu. Kwenye video za wageni wenyewe unamwona: anahema mdomo wazi wakati ni usiku na upepo wa bahari unapiga, anapiga miayo, analamba pua, mkia umeingia katikati ya miguu. Akajificha chini ya gari. Mtu mmoja mwenye vinywaji kichwani akamvuta kwa miguu ya nyuma ili atoke apigwe picha. Ya nyuma, wadau. Akang'atwa mkono.

Kesho yake ndio tukasomewa posti ndefu kwamba mbwa ana mapepo, kuna watu wamemtumia vitu, anaombewa. Komenti zote zinauliza hali ya aliyeumwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama huyo aliyeuma naye anaumwa.

Mapepo gani? Mwaka 2018 watafiti wa Brazil na Uingereza walichapisha kazi kuhusu mbwa 20 wanaoogopa kelele, nusu wakiwa na maumivu ya mifupa na misuli, nusu hawana. Mbwa 20 ni wachache, sawa, ila walichokiona kinaeleweka hata na mtoto. Wale wenye maumivu, hofu ilikuwa imewaanza wakiwa wakubwa zaidi. Maelezo yao ni kwamba mlio mkubwa unamshtua mbwa, akishtuka mwili unakaza, na ukikaza pale panapouma panauma mara mbili. Mbwa anajifunza kuwa mlio ndio unaomuumiza, basi anaanza kuogopa mlio, kisha sehemu aliposikia huo mlio. Walipotibiwa maumivu, na hofu ikapungua.

Kwa hiyo mbwa mtu mzima aliyekuwa mpole, ghafla anaogopa honi, ananguruma akiguswa, halali usiku, usikimbilie kwa mtumishi. Nenda kwanza kwa daktari wa mifugo.

Na hapa nina neno na msanii mmoja wa kiume aliyeingia laivu kumtetea dada, akawashauri mashabiki wawape mbwa dawa za maumivu za kwetu "kidonge kimoja tu". Bro, unaua mbwa za watu. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Hata panadol si ya kumpa kwa kubahatisha, maana ikizidi ini linaharibika. Zipo dawa za mbwa za maumivu, zinapimwa kwa uzito wake, na kwa anayezitumia muda mrefu daktari anacheki figo na ini. Hiyo laivu bado ipo kwenye ukurasa wako. Ifute.

Najua kinachowashinda mastaa wetu, na si hela. Kumtunza mbwa wa hivi hakuna picha nzuri. Ni kumpunguzia uzito, yaani kukataa kumpa mifupa ya nyama choma hata akikutolea macho. Ni kutandika zile kapeti za mpira za gari kutoka anapolala mpaka kwenye bakuli la maji, sebule ya milioni kadhaa inageuka kama gereji. Matembezi mafupi asubuhi na jioni, mwendo wa pole, kila siku, si kumkimbiza ufukweni Jumapili moja kwa ajili ya maudhui halafu wiki nzima yuko bandani. Ni kumwandalia kachumba ka ndani kenye giza usiku wa mwaka mpya, redio kwa sauti ya chini, na wewe umekaa naye wakati wenzako wako viwanja. Mimi mwaka mpya wangu uliopita nilikuwa chini ya meza, na hakuna mtu atakayebofya hiyo.

Kuna watakaosema watu wanalala njaa mimi nalilia mbwa. Simdai chochote anayelala njaa. Namdai aliyetutajia bei ya mbwa kwa mdomo wake, akapata mafolowa kwa sura ya huyo mbwa, na tangazo la chakula cha mbwa juu. Kama mbwa alikuingizia mkwanja, daktari wake si sadaka. Wengine mtasema mbwa ni najisi. Sawa, usimlaze kitandani, hakuna aliyekuomba. Ila hata kwenye mafundisho ya dini yumo aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, kwa hiyo tusijifiche huko.

Na tusisahau nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Kumtesa mnyama si ishu ya maoni yako na yangu.

Baada ya ile posti ya mapepo, mbwa alionekana mara moja tu. Nyuma ya staa aliyekuwa anaonyesha wigi jipya, yupo kwenye kona ya uwa, mnyororo mfupi, juani, amelalia saruji. Mbwa mwenye nyonga mbovu anahitaji kusogea kidogo kidogo ili viungo visigande, na mwenye hofu anahitaji mahali pa kujificha. Mnyororo mfupi umemnyang'anya vyote viwili. Watu wakamuuliza kwenye komenti, komenti zikafungwa. Siku chache mbele zile klipu zote za mbwa zikafutwa, hata ya amapiano, na sasa naambiwa kuna kitoto kipya cheupe chenye manyoya, kimevalishwa utepe.

Dada, mimi sitaki kiki na wewe. Nikikosea katika haya niambie, nitaandika hapahapa kwa herufi kubwa. Kama umempeleka hospitali ya wanyama, sema. Kama umempa mtu mwenye moyo wa kumlea, sema, tutakupongeza. Ila usitupeleke kwenye kitoto kipya kwanza. Yule mkubwa yuko wapi?